Ukubwa wa kisanduku: jinsi kompyuta inavyoiga sumaku za kinano

Chukua kipande cha permaloi, aloi ya nikeli na chuma, chenye urefu wa nanomita 500, upana wa nanomita 125 na unene wa nanomita 3. Ndani yake mna atomu zipatazo milioni 17. Usumaku wake umelala kuelekea kulia. Sasa washa uga wa sumaku wa militesla 25 unaovuta kushoto. Kabla robo ya nanosekunde (sehemu ya bilioni ya sekunde) haijatimia, wastani wa usumaku kwenye urefu wa kipande utakuwa umeshapita sifuri na kuhamia upande wa pili.

Umegeukaje? Ncha zilitangulia, au katikati? Usumaku ulizunguka wote kwa pamoja, au kila sehemu ilishika njia yake? Zipo hadubini za eksirei zenye kasi ya kunasa matukio ya namna hii, ila picha zake kwa kawaida ni wastani wa tukio lililorudiwa mara nyingi mno, na lolote lisilojirudia vilevile hupotea ndani ya wastani huo. Anayetaka kuona mgeuko mmoja tangu mwanzo hadi mwisho hana budi kuukokotoa.

Fani ya ukokotoaji huo inaitwa mikromagnetiki. Mlinganyo wake mkuu ulishaandikwa mwaka 1935, na ugumu wenyewe haukai hapo. Unakaa kwenye swali linaloonekana dogo: sumaku ikatwe vipande vya ukubwa gani kabla ya kuikabidhi kompyuta? Ukikosea jibu, kompyuta haitalalamika. Itakupa picha safi yenye rangi za kupendeza, na picha hiyo itakuwa ya uongo.

Atomu zinasahauliwa makusudi

Wengi hudhani kompyuta inafuatilia kila atomu. Zipo programu zinazofanya hivyo, mfano VAMPIRE iliyotoka Chuo Kikuu cha York, Uingereza, ambayo huipa kila atomu mshale wake unaoonyesha usumaku umeelekea wapi. Zina kazi yake maalumu na tutazigusa baadaye. Lakini sehemu kubwa ya uigaji wa sumaku ndogo hupita njia nyingine, iliyowekewa msingi na Mmarekani William Fuller Brown, ambaye kitabu chake cha mwaka 1963 ndicho kilichoipa fani hii umbo.

Hoja ya Brown ilisimama juu ya nguvu ya mabadilishano, ile inayofanya atomu jirani za chuma zielekeze usumaku wao upande mmoja. Werner Heisenberg aliieleza mwaka 1928: chanzo chake ni umeme pamoja na kanuni za kwanta, na ina nguvu kuliko mvutano wowote wa kawaida wa sumaku kwa sumaku. Ndiyo maana chuma kinaendelea kuwa sumaku hadi nyuzi 770 za Selsiasi. Kwa kuwa majirani wanalazimishwa kukubaliana kiasi hicho, ukitoka atomu moja kwenda inayofuata mwelekeo unabadilika kidogo sana. Basi zisahau atomu. Chukulia kwamba kila nukta ya sumaku ina mshale, urefu wa mshale haubadiliki, na kinachobadilika ni uelekeo wake tu, taratibu, toka nukta hadi nukta.

Hapo panabaki ushindani wa nishati. Mabadilishano yanataka majirani walingane. Fuwele nayo ina mielekeo inayoipenda, tabia inayoitwa anisotropia: kwenye permaloi karibu haipo, kwenye kobalti ni kali, kwenye sumaku za neodimi ni kali mno. Uga wa nje unavuta upande wake. Mshindani wa nne ndiye msumbufu kuliko wote, yaani uga ambao sumaku inajitengenezea yenyewe. Kila sehemu ya kipande inazisukuma na kuzivuta sehemu nyingine zote, za karibu na za mbali, na matokeo yake ni kwamba mishale haipendi kuchomoza nje ya kingo. Inapendelea kulala sambamba na ukingo, au kujikunja na kufunga duara, ili uga usivuje nje.

Mabadilishano yana nguvu lakini mkono wake ni mfupi. Ule uga wa ndani ni dhaifu, lakini unafika kila mahali. Mambo mengi ya kuvutia kwenye sumaku za kinano yanatokana na mvutano huo. Tengeneza kisahani cha permaloi kidogo sana na chembamba: mabadilishano yanashinda, mishale yote inaelekea upande mmoja. Kiongeze kipenyo na unene: uga wa ndani unashinda, mishale inazunguka kufuata ukingo. Lakini mzunguko huo una tatizo katikati, kwa sababu pale mishale inayoelekea pande tofauti inakaribiana mno na mabadilishano hayakubali. Mishale ya katikati hutatua tatizo hilo kwa kusimama wima, juu au chini, ikitoka nje ya bapa la kisahani. Kiini hicho kina upana wa nanomita kumi hivi. Watafiti wa Japani, Teruya Shinjo na wenzake, walikionyesha kwa hadubini ya nguvu za sumaku mwaka 2000. Kwenye uigaji hakuna anayekichora. Unaanza na mishale iliyotawanyika ovyo, unaiacha ishuke hadi kwenye nishati ndogo, na kiini kinajitokeza chenyewe.

Mlinganyo

Lev Landau na Evgeny Lifshitz ndio walioandika mwaka 1935 kanuni ya mwendo wa mshale, na Thomas Gilbert akaipa miaka ya 1950 sura inayotumika sana leo. Inasema mambo mawili. La kwanza ni kwamba mshale ukiwekwa kwenye uga hauangukii upande wa uga moja kwa moja. Unauzunguka, kama pia inavyoyumba kabla ya kulala. La pili ni kwamba myumbo huo unapoteza nishati kidogokidogo, na mshale unaishia kulala kufuata uga. Kiasi cha upotevu hupimwa kwa namba moja, alfa, ambayo kwa permaloi iko karibu na 0.01. Uga unaotajwa hapa ni jumla ya mchango wa nishati zote nne pale mshale ulipo, kwa hiyo unabadilika kila mishale inapobadilika.

Myumbo una kasi. Kwenye uga wa tesla moja mshale hukamilisha mizunguko bilioni 28 kwa sekunde, yaani pikosekunde 36 kwa mzunguko (pikosekunde ni sehemu ya trilioni ya sekunde). Ili kuufuata vizuri, kompyuta husonga mbele kwa hatua za sehemu ya kumi ya pikosekunde au pungufu. Nanosekunde moja inadai hatua elfu kumi. Hii ndiyo sababu uigaji wa aina hii huzungumzia nanosekunde, mara chache mikrosekunde, na ukiona mtu anadai kuiga sekunde nzima kwa njia hii, uliza maswali.

Pale pa kukata

Kompyuta haiwezi kubeba nukta zisizo na idadi, kwa hiyo sumaku hugawanywa visanduku, na kila kisanduku hupewa mshale mmoja. Ukubwa wa kisanduku unaamriwa na maada yenyewe. Ukichukua ukali wa mabadilishano na kuulinganisha na ukali wa uga wa ndani, unapata urefu fulani, urefu wa mabadilishano, ambao chini yake mishale haiwezi kujikunja kwa urahisi. Kwa permaloi, namba za kawaida (ukakamavu wa mabadilishano 1.3 × 10⁻¹¹ J/m na usumaku wa 8 × 10⁵ A/m) zinatoa nanomita 5.7. Kwa sumaku kali za neodimi kipimo kinachotawala hutokana na anisotropia, na ni kama nanomita moja na kidogo. Kisanduku kinatakiwa kiwe kidogo kuliko urefu huo.

Kikiwa kikubwa inakuwaje? Hapa inafaa kusogea karibu, maana kosa lenyewe lina ujanja. Programu hukadiria nishati ya mabadilishano kwa kuangalia pembe kati ya mshale wa kisanduku kimoja na wa jirani yake. Fomula inayotumika sana ni moja toa kosaini ya pembe hiyo. Pembe ikiwa ndogo, fomula ni sahihi kabisa. Pembe ikikua, fomula inaanza kuchoka: mishale ikielekeana kinyume kabisa, nyuzi 180, nishati inafikia kilele chake na msukumo wa kuirudisha unakuwa sifuri. Maada halisi isingeruhusu mgeuko wote huo katika umbali wa nanomita chache bila kudai nishati kubwa sana. Programu inaruhusu kwa bei nafuu.

Ukuta, ile sehemu ambamo mishale inageuka toka uelekeo wa eneo moja hadi wa eneo jirani, unaigundua nafuu hiyo. Unasinyaa, unajibanza kwenye mpaka wa visanduku viwili na kutulia hapo. Ili utoke na kuhamia mpaka unaofuata, unahitaji kusukumwa na uga wa nje wa ziada. Ukichora mkunjo wa usumaku dhidi ya uga, utaona sumaku ngumu inayokataa kugeuka, na unaweza kuandika ripoti nzima kuhusu ugumu huo. Ugumu ni wa gridi, yaani ule mpangilio wa visanduku. Permaloi haina habari nao.

Dawa inajulikana. Programu nzuri hutoa taarifa ya pembe kubwa kuliko zote kati ya majirani wakati wote wa hesabu, na ikivuka nyuzi thelathini hivi, simama ujiulize. Kisha rudia hesabu nzima kwa visanduku vya nusu ya ukubwa. Jibu likibadilika, la kwanza halikuwa jibu. Gharama ya kurudia ndiyo inayowafanya watu waruke hatua hii. Kwenye utando mwembamba, kupunguza upande wa kisanduku kwa nusu huzidisha visanduku mara nne, na kwa njia za kawaida za kusonga mbele, hatua za muda nazo huongezeka mara nne kwa sababu mabadilishano kati ya visanduku vidogo hutikisika haraka zaidi. Kazi imekuwa mara 16. Kwenye kipande kinene ni mara 32.

Na hapo hatujagusa uga wa ndani. Kwa kuwa kila kisanduku kinaathiri kila kingine, visanduku milioni moja vina jozi trilioni moja za kukokotoa, na hiyo ni kwa hatua moja ya muda. Kilichookoa fani hii ni hila ya kihisabati. Gridi ikiwa na visanduku vinavyofanana, athari ya kimoja kwa kingine inategemea umbali na uelekeo kati yao tu, haijalishi viko wapi kwenye kipande. Hesabu ya aina hiyo hupita kwenye mgeuzo wa haraka wa Fourier, mbinu ya kuivunja hesabu katika mawimbi, na jozi trilioni zinashuka hadi kiwango cha mamia ya mamilioni ya operesheni. Kadi za michoro, zilizotengenezwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta, zinaimudu kazi hii vizuri mno. Programu ya mumax3 ya Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, iliyoelezwa rasmi mwaka 2014, imejengwa juu yake, na leo mwanafunzi mwenye kompyuta moja anafanya hesabu ambazo zamani zilihitaji mashine ya taasisi.

Hila hiyo ina deni lake. Visanduku vya mraba havijui kuchora duara, kwa hiyo ukingo wa kisahani unakuwa ngazi ngazi, na ngazi hizo huzalisha nyuga za uongo pale pale ambapo mgeuko hupenda kuanzia. Wanaoshughulika na maumbo yaliyopinda huacha gridi na kujaza umbo kwa piramidi za pembetatu zinazofuata kila mkunjo. Wanalipa kwa kupoteza njia ya mkato ya Fourier.

Walipotofautiana

Katika miaka ya 1990, kikundi kilichoratibiwa na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, kiliamua kupima kama programu hizi zinakubaliana. Tatizo la kwanza walilolitangaza lilionekana la kitoto: mstatili wa permaloi wa mikromita 2 kwa 1, unene nanomita 20, choreni mkunjo wake wa usumaku. Majibu yaliwasilishwa bila majina ya walioyaleta, na yalitofautiana mno hata juu ya uga unaotosha kuugeuza mstatili. Kila mmoja alikuwa na mlinganyo uleule.

Binafsi naliona hilo kuwa tukio lenye faida kuliko ugunduzi mwingi wa fani hii, kwa sababu ndilo lililowalazimisha watu kuandika matatizo ya kipimo yanayoweza kukaguliwa. Kipande nilichokitaja mwanzoni, cha 500 kwa 125 kwa 3, ni tatizo la nne katika mfululizo huo, na kila programu mpya huanza kwa kulitatua. NIST ilitoa pia programu yake ya bure, OOMMF, kazi ya Michael Donahue na Donald Porter, ambayo bado inatumika kama kipimo cha wengine.

Tatizo la nne lina sehemu mbili. Uga wa kwanza, wa militesla 25, umeelekezwa nyuzi 170 kutoka uelekeo wa urefu, na mishale yote huanza kuzunguka upande mmoja. Programu zinakubaliana vizuri. Uga wa pili, militesla 36 kwa nyuzi 190, umechaguliwa kwa makusudi ili katikati pazunguke upande mmoja na ncha zizunguke upande wa pili. Pande hizo zinakutana, mishale inabanwa katika nafasi finyu, na hapo ndipo ukubwa wa kisanduku unapoanza kusema. Baada ya makutano hayo, mistari ya majibu ya programu mbalimbali huanza kuachana.

Kwa nini uga usielekezwe nyuzi 180 kamili, kinyume kabisa? Jaribu, utaona kichekesho. Mshale ulio kinyume kabisa na uga haupati msukumo wa kuugeuza upande wowote. Kipande kilicholala sawasawa kitakaa vilevile, kikikaidi uga mkubwa kiasi chochote, hadi makosa ya kukadiria tarakimu ya kumi na sita ndani ya kompyuta yakusanyike na kuubembeleza upande mmoja. Mgeuko unaouona unakuwa umeanzishwa na jinsi mashine inavyokata desimali. Wazoefu huuinamisha uga nyuzi moja au mbili tangu mwanzo. Kwa sababu hiyohiyo hueleza walianzia hali gani, maana sumaku ina kumbukumbu: kipande kilekile, chini ya uga uleule, kinaweza kutulia katika hali mbili tofauti kulingana na kilikotoka.

Joto linapoingia

Yote hadi hapa yamefanyika kana kwamba joto ni sifuri kabisa. Brown alipendekeza mwaka 1963 joto liingizwe kama uga wa kubahatisha, unaoutikisa kila mshale kila hatua. Njia hiyo inafanya kazi, ila inavunja ule ukaguzi niliousifia. Ukipunguza kisanduku, mtikisiko wa kila mshale unaongezeka, mawimbi mafupi ambayo awali hayakuwa na nafasi yanaingia, na usumaku wa wastani unabadilika. Jibu sasa linategemea kisanduku hata kama kila kitu kimefanywa sawasawa. Halafu kuna lile sharti la urefu wa mshale kutobadilika, ambalo si kweli sumaku ikikaribia joto la kupoteza usumaku. Diski kuu mpya zinazoandika kwa msaada wa leza hufanya kazi mahali hapo hapo, hivyo wanaoziiga hutumia ama mlinganyo uliopendekezwa na Dmitry Garanin mwaka 1997, unaoruhusu mshale kufupika, ama programu za atomu kwa atomu.

Swali jingine la joto haliwezi kujibiwa kwa kusonga hatua kwa hatua hata kidogo: punje ya sumaku kwenye diski itahifadhi data miaka kumi? Kwa hatua za sehemu ya kumi ya pikosekunde, miaka kumi ni hatua zinazoandikwa kwa tarakimu 22. Badala yake kompyuta hutafuta njia ya bei nafuu toka hali moja hadi ya pili, mnyororo wa hali za kati unaopitia kwenye kilima cha chini kabisa cha nishati, na kupima kimo cha kilima hicho. Kikizidi nishati ya joto kwa mara 40 hivi, punje moja inavumilia miaka kumi.

Uigaji umesaidia pia upande wa sumaku za kudumu, zile za motoka za umeme na mitambo ya upepo. Sumaku ya neodimi, chuma na boroni ilivumbuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo kumekuwa na fumbo ambalo Brown alishalitabiri kwa sumaku zote: ukikokotoa uga wa kugeuza fuwele kamilifu, unapata thamani kubwa mara kadhaa kuliko inayopimwa kwenye sumaku halisi. Ukiiga punje moja ya fuwele na kuipunguzia anisotropia kwenye tabaka la nje la nanomita chache tu, unene ambao hadubini ya kawaida haiuoni, mgeuko huanzia kwenye kona za tabaka hilo, pale ambapo uga wa ndani ni mkali zaidi, kisha unaimeza punje yote. Fumbo likapata maelezo, na kiwanda kikapata mwongozo. Disprosi na tebi, metali adimu na ghali zinazoongeza anisotropia, hazihitaji kuchanganywa kwenye sumaku nzima, hasa kwa vile zinapunguza usumaku wake. Zinapakwa juu ya sumaku iliyokwishatengenezwa na kupashwa joto ili zipenyeze kupitia mipaka ya punje, zikaishie kwenye ngozi ya kila punje.